Ngamia Asiyekula

Hapo zamani, mafuta ya taa yalipokuwa bado hayajajulikana na kila nyumba iliwasha mafuta ya ufuta, palikuwa na mji uitwao Kitokwe, na mwenye kuutawala alikuwa Sultani Sufiani. Hakuwa mtu mbaya, tena alikuwa mkarimu. Ila alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kwamba alipenda kila kitu kipya, na kadiri kitu kilivyotoka mbali ndivyo alivyozidi kukipenda. Waziri wake, Idarusi, aliujua udhaifu huo kuliko alivyozijua sala zake, na kazi yake kubwa ilikuwa kusema "Naam, maulana" kabla maulana hajafika mwisho wa maneno.

Katika mji huo alikaa maskini mmoja jina lake Bahero. Hakuwa na shamba, wala mnazi, wala kanzu ya pili. Alichokuwa nacho ni mke, Mwana Tumu, na ulimi ambao haukupata kulala njaa hata siku mwenyewe alipolala njaa, na ngamia mmoja dume, mzee, mdomo umemning'inia, ambaye alimwita Tajiri. Watu wakimwuliza sababu ya jina hilo, hujibu, "Nami nataka niseme kwamba nalala ua mmoja na tajiri."

Huyo ngamia ndiye aliyeshindika mafuta ya mji mzima. Kila asubuhi Bahero alimfunika macho kwa vifuniko vya ukindu, akamfunga kwenye boriti ya kinu, na Tajiri akazunguka na kuzunguka, mchi ukiuponda ufuta na mafuta yakichuruzika kasikini, ule mtungi mkubwa wa chini. Kufunikwa macho kulikuwa desturi ya tangu mababu, kwa kuwa ngamia akiona kwamba anazunguka mahali pamoja huvunjika moyo akasimama. Asipoona hudhani yuko safarini. Basi Bahero humnong'oneza sikioni, "Kaza mwendo, mwanangu, Makka si mbali." Kwa hesabu hiyo yule ngamia alikuwa amehiji mara nyingi kuliko masharifu wote wa Kitokwe. Chakula chake kilikuwa mashudu, yaani makapi ya ufuta yanayobaki baada ya mafuta kutoka, na ujira wa Bahero ulikuwa mafuta kidogo katika kila kasiki. Taa zikawaka, watu wakasoma na kula na kugombana kwenye mwanga, na hakuna aliyemshukuru ngamia.

Basi ikawa mwaka mmoja, katikati ya kusi, upepo unavuma mpaka vilemba vinashikwa kwa mkono, akafika mgeni mmoja aitwaye Ruzabihani. Alikuwa na ndevu zilizotiwa hina na picha ya mtambo iliyochorwa kwenye ngozi. Akaingia barazani, akabusu zulia, akasema, "Maulana, nimesikia kwamba mji wako mtukufu unapata mwanga wake kwa ngamia. Mimi nitakujengea mnara wenye mabawa ya nguo. Upepo utayazungusha mabawa, mabawa yatauzungusha mchi, na mafuta yatatoka. Upepo hauli, haulali, hauugui, na hautaki ujira. Ukishaujenga mtambo, yaliyobaki ni bure."

"Bure!" akasema Sultani.

"Naam, maulana, bure," akasema Waziri Idarusi, ambaye alikuwa hajauelewa mtambo wenyewe.

Ili kukipata hicho cha bure, Sultani aliuza masinia ya fedha ya marehemu mama yake, akakata miti ya bustani yake yote, na vilipopungua akaweka kodi mpya mjini, ikaitwa kodi ya upepo. Kila nyumba ikatoa ufuta wake kumlipa Ruzabihani. Watu wakalipia kitu ambacho tangu kuzaliwa walikipata hata wasipokitaka, na wazee wa mjini wakaulizana kama mwakani watalipia na jua.

Mtambo ukasimama uwanjani mbele ya jumba la Sultani, nami sitausingizia: siku ile ya kwanza ulifanya kazi. Kusi lilikuwa kali, mabawa yakazunguka, mchi ukanguruma, na kabla ya adhuhuri kasiki likajaa mafuta safi. Watu wakapiga vigelegele. Sultani akakichovya kidole chake kasikini, akakilamba mbele ya watu, akalia machozi ya furaha. Papo hapo akatoa amri mbili. Ya kwanza, kwamba tangu siku ile ni marufuku ngamia kushindika mafuta katika Kitokwe, kwa kuwa ni ushamba. Ya pili, kwamba binti yake Mwana Zubeda ataolewa mwaka uleule, na kwamba Tajiri, maadamu hana kazi tena, atachinjwa kwa pilau ya harusi.

Siku ya harusi nayo ikachaguliwa. Bwana harusi alitoka ng'ambo ya maji, na mama yake alikuwa mtu asiyeivumilia bahari. Chombo kikiyumba kidogo tu hutapika mpaka watu wakamhurumia. Kwa ajili yake Sultani akapanga harusi iwe wakati wa maleleji, kusi likiwa limekwisha na kaskazi halijaingia, maji yametulia na jani halitikisiki mtini. Waziri akaisifu hekima hiyo. Makadhi wakaisifu. Barazani mlikuwa na watu waliosoma nyota, na mmoja aliyesoma viganja, na wote wakaisifu, na hapana hata mmoja aliyeinua uso akaangalia mtambo nje ya dirisha.

Habari za pilau zilipomfikia, Bahero alikaa chini mchangani karibu na miguu ya Tajiri, akalia waziwazi mbele ya majirani. Hawakuwa na mtoto, yeye na Mwana Tumu, na yule mnyama mwenye harufu mbaya ndiye aliyegeuza shingo kila alipomsikia mlangoni. Halafu akajifuta uso, akauliza, "Harusi ni lini?" Akaambiwa ni maleleji. Akauliza tena, ili asikie vizuri. Kisha akasimama, akakung'uta kanzu yake, akaenda barazani.

"Maulana," akasema, "nimesikia kwamba Tajiri amealikwa harusini."

"Amealikwa," akasema Sultani, "tena sinia la mbele."

Baraza nzima ikacheka. Bahero akangoja mpaka wakamaliza.

"Maulana, taa uliyosomea juzuu yako ya kwanza iliwashwa kwa jasho lake. Nakuomba uniachie afe kwa uzee. Hana nyama, ana mifupa na kiburi tu."

Moyo wa Sultani ukalegea kidogo, na Waziri Idarusi alipouona unalegea akamwinamia sikioni. Sultani akajikohoza, akasema, "Ewe Bahero, ngamia wako ana dosari tatu. Anakula, analala, na wewe unadai ujira wake. Upepo wangu hauna hata moja ya hizo. Niletee basi ngamia asiyekula, asiyelala, asiyetaka ujira, na katika kazi awe sawa na upepo wangu. Ukimleta siku ya harusi, kabla mchinjaji hajanoa kisu, Tajiri ni wako mpaka afe. Usipomleta, wewe ndiwe utakayemshika kamba akichinjwa."

Watu wakacheka tena, wengine wakigongana mabega. Bahero akainamisha kichwa.

"Sawa na upepo wako, maulana. Asizidi?"

"Azidi upepo!" akasema Sultani, akashika tumbo. "Asizidi wala asipungue."

"Kadhi amesikia?"

"Nimesikia," akasema kadhi, ambaye alikuwa na haraka ya chakula.

Aliporudi nyumbani, Mwana Tumu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mume wangu, wanasema umekwenda kuahidi ngamia asiyekula. Mwenye kula mwenyewe umempata kwa taabu! Huyo utamtoa wapi?"

"Nitamtengeneza," akasema Bahero. "Nipe magunia ya zamani na kamba. Na mabua ya mtama usiyachome tena jikoni."

"Na kazi atafanyaje?"

"Mke wangu, utalionea wapi jani likitikisika maleleji?"

Mwana Tumu akamtazama, halafu akaangalia juu ya mnazi wa jirani, halafu akaanza kucheka mpaka akajishika kwenye mlango. Akaenda kutafuta magunia.

Basi kusi likaanza kupungua. Siku moja mtambo ukazunguka asubuhi ukalala jioni. Siku nyingine ukazunguka nusu ukasimama, bawa moja limeelekea mbinguni kama mtu anayeomba dua. Ruzabihani akaitwa. Akasema kwamba nguo za mabawa ni nzito mno, zinataka hariri. Hariri ikaletwa. Akasema mnara ni mfupi, uongezwe. Ukaongezwa, na kodi ya upepo ikaongezwa. Kisha ikaja dhoruba ya mwisho ya kusi, watu wakafurahi wakasema leo tutapata mafuta ya mwezi mzima. Kumbe upepo ulikuwa mwingi mno, mtambo ukatetemeka wote, na ikabidi askari wapande kuyafunga mabawa kwa kamba yasije yakaruka na jumba. Hivyo watu wa Kitokwe wakajifunza kwamba upepo ukiwa haba mtambo haufanyi kazi, na ukiwa mwingi mtambo haufanyi kazi.

Tena lilikuwapo jambo ambalo Ruzabihani hakulitaja siku ile ya picha. Mhimili wa mbao uliobeba yale mabawa ulikuwa mkubwa, na usipopakwa mafuta ulilia kilio cha kutisha, ukatoa moshi. Ulitaka kupakwa asubuhi, ukataka kupakwa jioni, uwe unazunguka au hauzunguki, maana jua liliukausha. Mafuta hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye kasiki lilelile. Mji ukawa unauuguza mtambo kama anavyouguzwa mgonjwa wa nyumbani.

Taa za Kitokwe zikazimika moja moja. Watu wakala mapema ili waone wanachokila. Imamu akamkanyaga maamuma, maamuma akamkanyaga paka wa msikitini. Kadhi alinyoosha mguu wake gizani akauingiza kwenye sufuria ya uji, na mke wake akasema mbele ya jirani kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza mguu huo kufanya kazi nyumbani. Sultani peke yake hakuyajua hayo, kwa kuwa Waziri alinunua mafuta kwa siri miji ya jirani, akayamimina kasikini alfajiri, akasema, "Tazama, maulana, upepo ulivyojitahidi."

Lakini mafuta ya kununua ya kumdanganya mtu mmoja hayakutosha kuangaza harusi. Ilipobaki siku chache, Waziri Idarusi akaja nyumbani kwa Bahero mchana wa jua kali, amejifunika shuka kichwani.

"Bahero, ndugu yangu," akasema. Hajapata kumwita hivyo. "Mlete ngamia wako. Tutazungushia kinu mikeka, azunguke ndani pasipo mtu kuona. Watu watadhani ni upepo."

Bahero alikuwa ameshika sindano ya kushonea magunia. Akaiweka chini.

"Bwana Waziri, Tajiri akijaza kasiki, sifa atapewa nani?"

"Upepo, bila shaka."

"Na pilau atapikwa nani?"

Waziri akaitazama ile sindano.

"Basi siwezi," akasema Bahero. "Maulana amekataza ngamia kushindika, nami ni raia mtiifu. Nenda kwa maulana, mwambie ukweli, abatilishe amri yake."

Waziri Idarusi alikuwa tayari kufanya mengi katika maisha yake, lakini kumwambia Sultani ukweli hakuwahi kufanya na hakujua mtu huanzia wapi. Akajifunika shuka lake akaondoka.

Siku ya harusi ikafika. Bahari ilikuwa shwari, mama wa bwana harusi akateremka pwani mkavu na mwenye tabasamu, na kila mtu akashukuru maleleji. Wageni wakaketi uwanjani kwenye mazulia. Nyuma ya mapazia ya mikeka waliketi wanawake pamoja na bibi harusi mwenyewe. Usiku ule alitakiwa aonyeshwe mbele ya taa mia, kama ilivyo desturi ya watoto wa masultani wa Kitokwe, na zile taa mia zilikuwa zimepangwa, zimesuguliwa, na ndani hazina kitu. Mtambo ulikuwa umesimama juu yao, hariri zake zimelala.

Hapo ndipo alipoingia Bahero, anavuta kamba, na nyuma yake, juu ya magurudumu ya mbao, akaja ngamia. Alikuwa ameshonwa kwa magunia, amejazwa mabua ya mtama na majani makavu, mkia wa kamba ya usumba wa nazi, macho ya kauri. Nundu ilikuwa imekwenda upande. Watoto wa wageni wakapiga makelele.

"Ni nini hiki?" akauliza Sultani.

"Ndiye yule uliyemtaka, maulana. Mjaribu."

Waziri, ambaye hakuwa amelala kwa hofu, akaona nafasi ya kuonyesha ukali wake. Akachukua mashudu akayaweka mbele ya pua ya gunia. Watu wakangoja. Ngamia hakula.

"Macho yake ni ya kauri, hayafumbi, basi halali," akasema Bahero. "Na ujira, mwulizeni mwenyewe anataka nini."

Hapana aliyemwuliza. Sultani akakunja uso, akasema, "Unanifanyia mzaha mbele ya wakwe zangu? Nilisema awe sawa na upepo wangu katika kazi!"

"Ndilo nililolisikia, maulana. Basi tuwape kazi wote wawili."

Akamkokota ngamia wake mpaka kinuni chini ya mtambo, akamfunga kwenye boriti, akamfunika macho kwa ukindu kwa adabu zote, akamnong'oneza sikioni kwamba Makka si mbali. Kisha akarudi nyuma, akafumbata mikono. Na watu wote, masharifu na askari na wageni wa ng'ambo, wakatazama. Ngamia wa magunia akasimama. Mabawa juu yakasimama. Nzi mmoja akatua kwenye bawa, akaona pametulia, akaanza kujisafisha miguu.

Wakangoja mpaka mama wa bwana harusi akapiga miayo.

"Kadhi," akasema Bahero, "tafadhali tazama kasikini."

Kadhi akainama. "Pakavu."

"Nani aliyefanya kazi zaidi, ngamia wangu au upepo wa maulana?"

Kadhi akamtazama Sultani, akaona hakuna njia, akasema, "Wako sawa."

"Hakuzidi wala hakupungua?"

"Hakuzidi wala hakupungua."

"Maulana, nilikuwa na hofu asije akanyanyua mguu mmoja, akauzidi upepo, nikawa nimevunja sharti. Ila naomba msamaha kwa jambo moja ambalo amezidi. Huyu wangu hanywi mafuta."

Halafu nyuma ya pazia mtu mmoja akacheka, kicheko cha kijana kisichoweza kuzuiwa, na watu wakamtambua bibi harusi. Wanawake wote wakafuata. Sultani Sufiani aligeuka kutazama pazia, akageuka kutazama mtambo, akazitazama taa mia tupu, na aibu ikampanda usoni. Na ilipofika juu kabisa haikuwa na pa kwenda, ikageuka kicheko. Alicheka mpaka kilemba kikamwangukia magotini.

"Ruzabihani!" akasema alipopata pumzi. "Uliniambia upepo hauli!"

"Na haujala, maulana," akasema Ruzabihani. "Sikupata kusema kwamba utakuja kila siku."

"Hilo ni kweli," akasema Bahero. "Hakusema. Wala hapana aliyemwuliza."

Sultani akalimeza hilo polepole. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba, "Yule mwenye kula yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, maulana. Anakula."

"Mlete! Amri yangu nimeifuta. Ufuta wote ulioko ghalani umwagwe kinuni, na taa za binti yangu ziwake leo!"

Akaletwa Tajiri, mdomo umening'inia, akawatazama wakwe wa Sultani kwa dharau, akafunikwa macho, akaanza safari yake. Ngamia wa magunia akasukumwa kando. Kufika magharibi mafuta yalikuwa yamejaa kasiki na taa mia zote zikawaka, na Mwana Zubeda akaonyeshwa katika mwanga ambao mji ulikuwa umeusahau, na Mwana Tumu akapiga kigelegele kilichosikika ng'ambo.

Sultani akamwita Bahero mbele ya watu, akamvika joho lake mwenyewe, akamwambia, "Tajiri ni wako mpaka afe, na kodi ya upepo imekwisha. Sasa niambie, na mtambo huu uliokula masinia ya mama yangu niufanyeje? Niuchome?"

"Usiuchome, maulana. Upepo si mwongo, unakuja unapopenda. Upe kazi inayoweza kungoja. Upandishe maji ya kisima mpaka birikani bustanini mwako. Ukivuma leo au ukivuma kesho kutwa, maji yaliyomo birikani hayaulizi. Na Ruzabihani abaki hapa aupake mafuta, kwa gharama yake."

Sultani alikuwa bado anakubali kwa kichwa aliposikia nyuma yake sauti ya kitu kinachochanika. Tajiri, amemaliza kazi na amefunguliwa macho, hakuona mashudu yake karibu. Aliona magunia. Alikuwa ameanza na mkia, ameshafika kwenye nundu, mabua yanamtoka pembeni mwa mdomo, na Waziri Idarusi alikuwa akimpiga kwa ncha ya kiatu bila faida.

"Bahero!" Sultani akapiga kelele, anacheka na kulia. "Ngamia wako anamla ngamia wangu!"

"Mwache, maulana," akasema Bahero. "Huyo asiyekula, leo ndiyo kwanza amefaa kitu."

Pilau ikapikwa kwa mbuzi, watu wakala na kushiba, na mimi niliyewahadithieni sikupata hata ukoko.